Neno la Herufi Tano

"Friji haitoki humu ndani," mama mkwe alisema, na ili tusije tukasema hatukusikia akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango wa friji na kuuegemea kwa mgongo mzima.

"Mama, inuka," nilimwambia. "Saa nane natakiwa nimerudi mahakamani."

"Rudi. Nani kakushika? Kama ni ada ya huyu mjukuu wangu, auze vitabu vyake. Friji haiuzwi."

"Sijasema inauzwa. Nimesema inatoka."

"Anayeitaka anibebe na mimi."

Mume wangu akatutazama mimi, mama yake na friji, kwa mpangilio huo. Yeye ni fundi baiskeli, kila kitu anakipima kabla hajakishika. "Na mama juu yake, mkokoteni mmoja utalemewa," alisema.

"Mkeo anataka kuniua na wewe unapiga hesabu ya usafiri," mama yake akamjibu.

Kama gazeti la wiki jana lilifungia vitunguu kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Mimi ni karani wa masjala ya mahakama kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Diploma yangu ya utunzaji wa kumbukumbu imetundikwa ukutani, juu ya friji hiyo hiyo. Jaji wangu, ambaye korido nzima inamwita Naahirisha kwa sababu hilo ndilo neno lake tamu kuliko yote, anatuhumiwa kupokea hongo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja tunayemwita Mabati. Aliyelalamika ni fundi cherehani aliyepoteza kiwanja chake cha kazi kwa hukumu ya Naahirisha. Kiwanja kilikwenda kwa Mabati. Ushahidi pekee ni daftari langu la vitu vinavyoingia ofisini, na wiki jana, msomaji, uliniacha nimeficha barua ya wito chini ya godoro, kana kwamba ikikaliwa vya kutosha itajifuta.

Haikujifuta. Leo asubuhi nimesimama mbele ya kamati.

Na kuna jambo nimekuficha, msomaji, wiki tatu zote. Hongo yenyewe ni friji. Friji iko jikoni kwangu.

Usinitolee macho. Ngoja nikupe asubuhi yangu kwanza.

Kamati ina majaji watatu, wote wanafanya kazi korido moja na Naahirisha. Wanakaa chumba cha mwisho, mlango umefungwa. Fundi cherehani aliingia, akatoa maelezo yake, akaambiwa kanuni inamtaka atoke. Nilimkuta kwenye benchi la nje amekumbatia mkoba. Naahirisha yeye alikuwa ndani na kikombe cha chai. Chai ya majani, nisieleweke vibaya.

Mwenyekiti ni mzee wa miwani mbili, moja puani, ya pili imepandishwa kwenye paji la uso ikisubiri zamu.

"Mama Masjala," alisema, "daftari hili ni lako?"

"Ni la mahakama, mheshimiwa. Mwandiko ndio wangu."

"Safu hii ya 'Sababu'. Mwezi mmoja umeandika 'hong.' mara tano. Ni kitu gani?"

Nikamweleza. Safu ya Sababu ina upana wa vidole viwili. Chuoni tulifundishwa kanuni ambayo naifuata kama sala: neno likifika herufi saba, likate, weka nukta.

"Hilo naliona," mwenyekiti alisema, akifunua kurasa. "Tarehe nne. 'Mhe. hayupo, maz.'"

"Mazishi."

"Tarehe kumi na moja. 'Mhe. hayupo, maz.'"

"Mazoezi. Daktari alimwambia apunguze tumbo."

"Tarehe kumi na nane?"

Nilimtazama Naahirisha. Naahirisha akatazama kikombe chake.

"Mazungumzo," nilisema.

"Na nani?"

"Safu haikutosha, mheshimiwa."

Hapo wakili wa Naahirisha akasimama. Ni mwembamba, tai yake ni pana kuliko kifua. "Waheshimiwa, karani ametumalizia kesi. Kwa kanuni yake mwenyewe, neno la herufi tano halifupishwi. Hesabuni: h, o, n, g, o. Tano. Kama ingekuwa hongo angeiandika yote. Ameikata, kwa hiyo ni hongera, herufi saba. Mteja wangu alipandishwa cheo mwezi ule, na watu wakampongeza. Kosa liko wapi?"

Nakiri ilikuwa hoja nzuri. Hata mimi nilitamani kuiamini.

Mwenyekiti akapita mstari kwa mstari. Kadi kutoka kwa walinzi? Hongera. Saa ya ukutani kutoka kwa makarani? Hongera, na mimi nilichangia. Maua? Hongera. Kalamu ndani ya kiboksi? Hongera.

"Friji moja ya milango miwili," alisoma, "kutoka kwa bwana wa mabati. Siku tatu kabla ya hukumu ya kiwanja."

Nilianza kusema hongera, nikaishia kwenye g.

Mwenyekiti akashusha miwani ya pili, akaunyanyua ukurasa kuelekea dirishani. Kijimwanga kimoja kikapenya, kikatua kwenye shavu lake.

"Nukta nne za kwanza ni nukta," alisema. "Hii ya tano ni tundu. Kalamu ilikuwa inakusumbua?"

"Haikuwa kalamu, mheshimiwa."

"Ilikuwa nini?"

"Tuahirishe kwa chakula mpaka saa nane," Naahirisha alisema, kwa mazoea, akisahau kwamba leo si yeye mwenye kuahirisha.

Na wenzake, kwa mazoea, wakafunga mafaili na kuinuka. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kuinuka, lakini aliinuka.

Naahirisha alinifuata mpaka kwenye kabati la mafaili. Hakunitisha, hana tabia hiyo. Aliongea kama mtu anayenisaidia kujaza fomu.

"Mama Masjala, ni herufi tu. Ukisema saba, kesho uko mezani kwako na yule fundi cherehani anajibu kwa nini alimchafua jaji. Ukisema tano, tunazama wote. Friji iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi." Akanipigapiga begani. "Na mama mkwe anaendeleaje na zile sindano zake?"

Sasa na mimi nikiri yangu. Friji ile ililetwa na wapakuzi wawili, Mabati akiwa nyuma yao na mikono mfukoni. Nikamuuliza, "Sababu?" Akasema, "Andika hongera, mama," akacheka peke yake. Naahirisha akachungulia. "Ofisi yangu ni ndogo," akasema, "itunze kwako, nitaifuata." Sikumuuliza lini. Juma lile lile mama mkwe alikuwa ameambiwa ana sukari, na dawa yake ya sindano inataka ubaridi. Na nilijua hukumu ni Ijumaa, maana faili nalifunga mimi kwa kamba.

Nilijua. Mkono ulijua kabla yangu, ndiyo maana ukatoboa karatasi.

Nyumbani nikasema nimekopa kazini. Mwaka mmoja na miezi miwili, msomaji, natia maji ya kunywa ndani ya hongo na kuyatoa ya baridi.

Haya, turudi jikoni.

"Kwani kamati imeendaje?" mume wangu aliuliza, ili tuache habari ya mama yake kubebwa. "Huyo jaji wenu wamemfunga?"

"Wamemwahirisha."

"Unaona mambo hayo. Mtu akiiba pampu ya baiskeli yangu asubuhi, mchana yuko mahabusu. Mfagizi wenu alitolewa kazini kwa kuiba vipande viwili vya sabuni. Aliitiwa kamati yule?"

"Aliitiwa mlinzi," nilisema. "Alikuwa nje ya geti kabla ndoo haijakauka."

"Baba, jaji si mfagizi." Huyo ni binti yetu, yuko mwaka wa kwanza wa sheria na tayari tunamwita Wakili. Alikuwa mezani na madaftari yake.

"Kweli kabisa," baba yake alisema. "Mfagizi alikuwa anafanya kazi."

"Nisikilize. Kila kesi ina mtu anayeshindwa, na kila anayeshindwa akitoka nje anasema jaji kahongwa. Ukiruhusu kila mmoja amtupe jaji ndani siku hiyo hiyo, wa kwanza kuitumia hiyo sheria ni Mabati. Jaji akimkatalia kiwanja, kesho analala mahabusu. Nani atathubutu tena kumhukumu tajiri? Jaji lazima alindwe."

"Mwacheni astaafu na heshima zake," mama mkwe alisema kutoka kwenye kigoda, "na friji istaafu hapa hapa."

"Alindwe asisingiziwe," nilimwambia binti yangu. "Hapo sina ugomvi na wewe. Lakini anayempima asiwe jirani yake wa ofisi. Na kwa nini mlango ufungwe? Na kwa nini aendelee kusikiliza kesi huku anachunguzwa? Jumatatu tu amempa mtu miezi sita kwa kumhonga mlinzi wa geti."

"Naahirisha kafunga mtu kwa hongo?"

"Na akamhubiria dakika ishirini. Niliandika mimi."

Wakili aliweka kalamu chini. "Hapo mama una hoja. Kwa hiyo ungetaka sheria isemeje?"

"Tuhuma ikiwa na kichwa na miguu, akae pembeni. Achunguzwe na watu wasiokunywa naye chai, na mlango wazi. Akionekana hana kosa, arudi na aombwe radhi hadharani. Akionekana analo, asiandaliwe sherehe ya kustaafu. Ashtakiwe kama mwizi wa pampu ya baba yako. Na aliyetoa hongo asimame naye kizimbani."

"Na aliyeitunza?" Wakili aliuliza. Aliuliza kimwanafunzi tu, ili orodha ikamilike.

Friji ikanguruma nyuma ya mama mkwe.

Nilitazama saa. Saa saba na dakika tano.

"Na aliyeitunza," nilisema. "Mama, hiyo unayoiegemea ndiyo yenyewe. Sikukopa kazini. Ni ya Mabati, alimpa jaji, jaji akaniambia niitunze. Nilijua ni hongo siku naipokea."

Mume wangu alianza kuipima friji upya, kama imebadilika ukubwa.

Mama mkwe alijitenga na mlango taratibu, kwanza mabega, halafu kiuno, kama mtu aliyegundua ukuta una rangi mbichi.

"Mwaka mzima," alisema, "nimepumzisha mgongo wangu kwenye hongo?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Na yule mwanamke wa cherehani anashonea wapi siku hizi?"

"Barazani kwa watu. Mvua ikinyesha anafunika mashine kwa kanga yake, yeye analowa."

Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi. "Na sindano zangu je?"

"Nimepitia zahanati ya hapo kona. Nesi anayo friji ya dawa, amekubali kukuwekea. Kila asubuhi unafuata yako. Hatua mia mbili."

"Hatua mia mbili na magoti haya."

"Nitakuletea kwa baiskeli," mume wangu alisema. Hakunitazama alipolisema, lakini alilisema.

"Mama, watakufukuza kazi," Wakili alisema. Sauti ya chuo ilikuwa imemtoka, imebaki ya mtoto. "Wanaweza hata kukushtaki. Si uende ukaseme kwa mdomo tu? Useme ni hongo, basi, friji ibaki hapa mpaka waifuate?"

"Nikisema kwa mdomo, nitasema ndani ya kile chumba. Yatafungiwa humo humo, na jioni itakuwa neno langu dhidi ya la jaji. Wewe mwenyewe umeniambia jaji analindwa. Mimi nani atanilinda?"

"Nani?"

"Watu wakiiona."

Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alifungua mlango wa friji, akatoa dawa zake, akatoa chupa yake ya maji ya baridi, akaufunga kwa ncha ya kidole. "Itoke," alisema. "Lakini nilisema anayeitaka anibebe na mimi, na kauli yangu siirudishi."

Ndivyo alivyopanda mkokoteni. Mwenye mkokoteni alipinga, akaangaliwa mara moja, akaacha. Tulimpitisha zahanati, akaacha dawa kwa nesi bila kushuka. Friji ililazwa chali, tukaifunga kwa mipira ya baiskeli, na mama mkwe akakaa ubavuni mwake ameishika kama mgonjwa.

Mtaa mzima ulikuwa nje.

"Bibi, mnahama?" muuza viatu aliuliza.

"Hatuhami. Tunapeleka hongo ya jaji kwa wenyewe."

Alilisema hilo kila kona, kwa sauti ile ile, kama kondakta anayetaja vituo. Wa kwanza kutufuata alikuwa muuza viatu. Nilipogeuka kwenye taa za barabarani sikuweza tena kuwahesabu.

Mlinzi wa geti alitaka kutuzuia. "Mama Masjala, kielelezo lazima kiwe na maelezo."

"Maelezo yamekaa ubavuni mwake. Muulize."

Akamtazama mama mkwe, akafungua geti.

Saa nane kasoro dakika mbili tulikuwa kwenye korido, mkokoteni na vyote. Fundi cherehani alikuwa pale pale kwenye benchi. Aliiona friji, akaniona mimi nimeishika upande mmoja na mume wangu upande wa pili, akasimama. Nilishindwa kumtazama.

Tuliisimamisha mbele ya chumba cha kamati. Mume wangu akapima mlango kwa mikono, akaipima friji. "Mlango sentimita sabini na tano," alisema. "Friji tisini."

Mwenyekiti akatoka kuona kelele ni za nini, miwani zote mbili zikiwa puani kwa mara ya kwanza. "Hiki nini?"

"Uliniuliza ilikuwa nini, mheshimiwa. Niliporudi nyumbani nikaona niilete."

Wakili wa tai pana alipenyeza kichwa. "Kikao hiki ni cha faragha. Kitu hicho kirudishwe na watu hawa watoke."

"Hakipiti mlangoni," mume wangu alimweleza, kwa heshima, kifundi. "Labda mvunje ukuta."

Mwenyekiti aliwatazama watu waliojaa korido mpaka kwenye ngazi. Aliitazama friji, akaitazama sana. "Kanuni inatutaka tukague kielelezo mahali kilipo," alisema. "Leteni viti hapa koridoni."

Viti vikaletwa. Fundi cherehani akaanza kuondoka, maskini, maana alikuwa ameshika kanuni. "Niliambiwa nitoke nje," alisema.

"Uko nje," mwenyekiti alimjibu. "Kaa."

Naahirisha alitoka wa mwisho. Alimwona mama mkwe juu ya mkokoteni, akamsalimia. Mama mkwe hakuitikia. "Naomba tuahirishe," Naahirisha alisema. Safari hii hakuna aliyefunga faili.

Karani mwenzangu akaja na daftari la vielelezo. Safu ni zile zile, upana ni ule ule. Aliandika tarehe, akaandika friji moja, akaandika jina la Mabati. Kwenye Sababu kalamu ikasimama hewani.

"Mama Masjala," alininong'oneza, "hapa nifupisheje?"

"Nipe."

"Karani," mwenyekiti alisema, taratibu, ili wote wasikie, "unaelewa ukijaza safu hiyo, huenda leo usirudi nyumbani na mumeo?"

"Naelewa, mheshimiwa." Nilivua ufunguo wa kabati la mafaili shingoni, nikauweka juu ya friji. Huu mwaka wa kumi na moja, ufunguo huo haujawahi kulala mezani.

"Saba," Naahirisha alisema kwa chini, karibu na sikio langu. "Ni herufi saba tu, dada yangu."

Niliandika tano. Zilienea vizuri kwenye safu, na sikuweka nukta.

Ikabaki safu ya mwisho, Mpokeaji, yenye nafasi ya mtu mmoja. Nikaandika jina langu kwanza, kisha la Naahirisha, mpaka mwandiko ukavuka mstari ukaishia ukingoni, halafu nikasaini na kumpa mwenyekiti daftari.